Mizani

Wiki ya mwisho ya Oktoba hapa Tlaxiaco
ukungu hushuka mlimani kabla ya kengele,
na watoto huingia wakinuka moshi na maua ya manjano.
Nafuta hesabu ubaoni. Naandika:
LEO TUNAMTANIA KIFO.

Darasa la nne wanazijua sheria, wanazipigia kelele:
andika juu ya mtu aliye hai,
mchekeshe, usimtukane,
mizani nane kila mstari, vina visigombane,
na mwishoni Kifo lazima aondoke naye.
"Hata kama ni daktari wa meno?" auliza Fidencio.
Hasa daktari wa meno.

Basi vidole vikaanza kazi.
Wanagonga silabi mezani, midomo inacheza,
wakifika ya nane wanafumba ngumi kama waliodaka nzi.
Abundio husahau kidole gumba,
mistari yake yote inachechemea.

Nereida ndiye wa kwanza kusimama. Ananinyooshea kidole:

    Kifo kaja darasani,
    kofia yake kichwani:
    "Mwalimu, tia saini,
    twende zetu kaburini."

    "Subiri, nasahihisha,
    daftari hazijaisha!"
    Kifo kamharakisha,
    chaki bado mkononi.

Vicheko mpaka vioo vikatetemeka.
Mimi marehemu nampa tisa kati ya kumi;
moja nimeibana, nipate cha kunidai huko niendako.
Wa pili kuzikwa ni mkuu wa shule, Don Gaudencio,
na funguo zake zote, jeneza likafungwa kwa ndani.

Kule dirishani Nereo hajainua kichwa.
Tangu Machi hukaa pale, peke yake, kwa hiari yake.
Akanyoosha mkono.
"Na mtu aliyekwisha kuchukuliwa je, Mwalimu?"

Sheria ni yangu, chaki ilikuwa bado kwenye vidole vyangu.
Nilitaka kumwambia: huyo ana meza yake nyumbani,
ana mkate wake, mshumaa wake, picha yake;
utani ni wetu sisi tuliobaki.
Nikasema, "Andika, tuone."

Aliandika mpaka kengele ya mapumziko, na hakuna aliyetoka.

    Kifo kamjia Mama
    pale alipochutama,
    pilipili akipima,
    kamwambia: "Twende nami."

    "Bei yako ni ya juu,
    punguza, wewe mkuu,
    mifupa tupu miguu,
    hutapatana na mimi!"

Akakaa.
Kimya. Halafu Fidencio akacheka kwa pua,
maana mama yake naye aliwahi kushindwa bei pale pale,
na darasa zima likamfuata.

"Nereo," nikasema, "hujamaliza. Kifo lazima aondoke naye."
Akavitazama vidole vyake,
vinane vimekunjwa, viwili vimesimama.
"Bado wanabishana bei, Mwalimu."

Sasa ni usiku, niko jikoni na kalamu nyekundu
na chungu cha maharage ninachokisahau motoni.
Nilikuwa mteja wa yule mama.
Mizani yake ilikuwa ya shaba, sahani moja imebonyea,
na wapita njia walisema inawaibia watu.
Mimi najua alikuwa akishapima
huongeza pilipili moja juu, nyekundu, ya bure,
huku akikutukana kwamba umemfilisi.

Nimehesabu mistari ya mwanawe mara mbili.
Nane. Nane. Nane.
Mahali pa alama nimepaacha wazi.

Kesho tunabandika ukutani, kati ya karatasi za rangi zilizotobolewa.
Don Gaudencio atapita, funguo zikilia kiunoni,
atauliza mbona ule wa karibu na dirisha hauna kaburi.
Aende sokoni Jumamosi,
amtafute Kifo amechuchumaa mbele ya gunia,
amuulize mwenyewe wamefikia ngapi.